Kitabu Kihojiwe: Ilani ya Wasomaji wa Mwembesongo

Sisi wakazi wa Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, walimu na wauza mboga, mafundi cherehani na madereva wa bodaboda, wanafunzi, wastaafu na wanaotafuta kazi, tunatangaza kuanza kwa harakati ya kusoma. Si chama cha siasa na hatutaki kura ya mtu. Hatuna mgeni rasmi wala fulana. Jina la kudumu bado tunalibishania. Kwa sasa "wasomaji wa Mwembesongo" linatosha.

Tunachodai ni hiki: habari za safari za Wazungu baharini tangu mwisho wa karne ya 15, pamoja na mageuzi ya fikra yaliyoitikisa Ulaya katika miaka hiyo, zisomwe hapa kama habari zinazotuhusu. Zisomwe kwa Kiswahili. Na zisomwe kwa ubishi, maana mpaka sasa zimesomwa kwa ajili ya mtihani tu: nani alifika wapi, mwaka gani, weka alama ya vema.

Tunajua swali litakalokuja kwanza. Mwembesongo na Vasco da Gama wapi na wapi? Bahari iko karibu kilomita 200 kutoka hapa. Jibu lipo jikoni kwa anayeuliza. Mahindi ya ugali wake asili yake ni Meksiko. Mhogo, karanga, nanasi na korosho vilitoka Amerika ya Kusini. Nyanya, pilipili kali, papai, mapera na tumbaku navyo vilikuwa ng'ambo ya Atlantiki kabla ya 1492, na hakuna mpishi wa pwani wala wa bara huku kwetu aliyekuwa amevionja. (Mwembe nao ni mgeni, wa kutoka Asia, ila huo una safari yake nyingine.) Meli za Wareno zilivivusha vyakula hivyo hadi pwani za Afrika, na wafanyabiashara na wakulima wakavipandisha bara, shamba kwa shamba.

Hapo ndipo historia ya darasani inapokatikia, na hapo ndipo sisi tunataka kuanza. Wareno walijifungia kwenye ngome zao za pwani. Aliyeichukua mbegu ngeni, akaipanda kwenye mteremko wa Uluguru, akaangalia ipi inavumilia mvua za mlimani na ipi inaoza, ipi ichanganywe na migomba na ipi ipewe shamba lake peke yake, ni mkulima, na mara nyingi mkulima mwanamke. Alijaribu, akaona, akaacha, akajaribu tena, akamfundisha bintiye. Katika karne hizohizo wasomi wa Ulaya walikuwa wakisifiana kwa kugundua kwamba ukweli hupatikana kwa majaribio. Wao waliandika. Yeye hakuandika, na kwa sababu hiyo tu akahesabiwa kuwa hakufikiri.

Mageuzi yenyewe ya Ulaya tunayaheshimu, na tunataka yaeleweke vizuri kabla mtu hajayashabikia au kuyatukana. Kwa muda mrefu wasomi wa kule walitegemea vitabu vya wazee wa kale. Mmoja wao ni Ptolemy wa Aleksandria, aliyeishi karne ya 2. Kitabu chake cha jiografia kilitafsiriwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15, na ramani zilizochorwa kukifuata, kama ile iliyochapwa Ulm mwaka 1482, ziliionyesha Bahari ya Hindi imezungukwa na nchi kavu pande zote, mithili ya ziwa. Mtu angeweza kuwa profesa mwenye heshima zake akaliamini jambo hilo, huku manahodha wa Kilwa wakienda Sofala na kurudi bila kugonga ukuta wowote.

Mwaka 1488 Bartolomeu Dias alizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Miaka kumi baadaye da Gama akapita hapohapo akaendelea hadi India. Ziwa la Ptolemy likafa. Kwa wenzetu wa Ulaya lile lilikuwa pigo: kumbe mzee wa kale, aliyesomwa kwa magoti, anaweza kukanushwa na baharia asiyejua Kilatini. Hatusemi kwamba meli peke yake ndiyo iliyoleta elimu mpya. Mitambo ya uchapaji ilichangia, ugomvi wa madhehebu ulichangia, na kwa karne kadhaa kabla ya hapo vitabu vya Kiarabu vya hisabati, tiba na falaki vilikuwa vimekwisha tafsiriwa. Lakini Copernicus alipochapisha mwaka 1543 kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na Galileo alipoelekeza darubini yake mbinguni, wasomaji wao walikuwa wamekwisha kuzoea kusikia kwamba wazee walikosea. Mwaka 1620 Mwingereza Francis Bacon alitoa kitabu chake cha mbinu mpya ya elimu, na kwenye ukurasa wake wa mbele paliwekwa picha ya meli ikipita katikati ya nguzo mbili kuelekea bahari kuu. Katika kitabu hichohicho alivitaja vitu vitatu vilivyoigeuza dunia: uchapaji, baruti na dira. Asili yake, alisema, haifahamiki vizuri. Wachina walikuwa navyo karne nyingi kabla hajazaliwa.

Sasa turudi Malindi, Aprili 1498. Da Gama alikuwa ametoka Mombasa, ambako hawakuaminiana hata kidogo. Malindi ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa, ikaona huyu mgeni mwenye mizinga anaweza kuwa na faida. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila safari hii waliopona hawakuwa wengi. Malindi ikampa rubani.

João de Barros, mwandishi wa Kireno ambaye kitabu chake kuhusu Asia kilianza kuchapwa mwaka 1552, anamwita rubani huyo Malemo Cana na kusema alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Anasimulia kwamba rubani alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India, yenye mistari iliyokatana. Da Gama naye akatoa astrolabu zake, ya mbao na za metali, akingoja mwenyeji ashangae. Hakushangaa. Alieleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, na kwamba yeye na wenzake hutumia chombo kingine, akakitoa: vibao. Mabaharia wa bahari hii walikuwa wakipima kimo cha nyota kwa kibao na kamba yenye mafundo, kamba ikiwa imeng'atwa kwa meno, na fundo likimwambia nahodha yuko usawa wa bandari gani. Ukitaka kuwafundisha vijana hesabu za pembe, anza hapo.

Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi likianza kushika. Siku ya 23 wakaiona India. Wakati wa kurudi, Oktoba mwaka uleule, da Gama hakungoja kaskazi. Njia ileile ikawachukua miezi mitatu kasoro siku tatu, na watu wapatao 30 wakafa baharini kwa kiseyeye. Januari 1499 mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto mojawapo, São Rafael, kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tanga. Yaani mabaki ya safari inayosifiwa kuliko zote yaliungua kwenye maji ya Tanzania ya leo, kwa sababu mkuu wa safari alikuwa na haraka kuliko upepo. Tungependa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ajue hesabu hiyo ya kwenda na kurudi. Inamfundisha mambo mengi kuliko tarehe kumi za kukariri.

Hapa lazima tuwakwaze na baadhi ya ndugu zetu. Wengi mmefundishwa kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, aliyemaliza kitabu chake kikuu cha uanamaji karibu na mwaka 1490. Ni habari tamu. Inampa da Gama mwalimu mashuhuri kuliko yeye. Lakini aliyeiandika, Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliandika miongo mingi baadaye, na hakuwapo Malindi. Mfaransa Gabriel Ferrand akaieneza katika miaka ya 1920, ikaingia vitabuni, ikatulia. Wareno waliokuwa kwenye safari hawakulitaja jina hilo, na Barros anasema Mgujarati. Wataalamu walioisoma kazi ya ibn Majid mwenyewe hawaikubali. Basi na sisi tunaiacha, na aliyeona uchungu aone. Harakati inayohoji vitabu vya wageni huku ikivibusu vya kwao haina sababu ya kuanzishwa.

Na tusijidanganye kwa upande mwingine pia, kwamba kilichofuata kilikuwa mazungumzo ya elimu baina ya mabaharia. Mwaka 1502 da Gama alirudi na meli za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha kanisa kinachoitwa Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na kipo Lisbon kwenye jumba la makumbusho hadi leo, kinapigwa picha na watalii. Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na askari wake wakaipora. Agosti wakaichoma Mombasa. Tarikh ya wafalme wa Kilwa ikafika mikononi mwa Barros, naye akaifupisha katika kitabu chake. Nakala ya Kiarabu ya tarikh ya namna hiyo iko London. Kwa hiyo mtoto wa Morogoro anayetaka kusoma walichoandika watu wa Kilwa kuhusu Kilwa, njia yake inapita Lisbon au London. Hili linatuudhi kuliko dhahabu. Dhahabu ile angalau hatukuihitaji kwa ajili ya mtihani.

Mnaona basi tunalenga wapi. Ulaya haikuota akili mpya, ilijenga desturi. Desturi yenyewe ni kumweka shahidi aliyefika mbele ya kitabu kilichokaa, kupima, kuandika, kuchapa, na kumruhusu mwingine apime tena. Ni desturi nzuri na si mali ya mtu. Ila waliojenga desturi hiyo walikuwa na ugonjwa mmoja: shahidi akiwa mweusi au Mwislamu au mkulima, walichukua alichosema wakaacha jina lake.

Ugonjwa huo uliendelea hadi ukatufikia sisi wa bara. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki, kutokana na maelezo waliyokusanya kwa watu wa misafara. Wenye misafara walikuwa wakieleza maziwa mbalimbali waliyoyafikia kwa njia mbalimbali, wachoraji wakayaunganisha. Mwaka uliofuata Burton na Speke waliondoka pwani kwenda kuangalia, wakapita Zungomero, kusini mwa milima yetu ya Uluguru, wakiongozwa na watu waliokwisha kuijua njia. Mmoja wa watu wa msafara huo, Sidi Mubarak Bombay, alikuja kusafiri na Speke tena, na Stanley, na Cameron. Orodha ya wazungu waliompitisha ni ndefu. Sisi tungependa kuiita orodha ya wazungu aliowapitisha.

Huko London, bwana mmoja William Desborough Cooley, mtaalamu wa Afrika asiyewahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata kwamba Kilimanjaro kina theluji, ingawa Rebmann aliiona mwaka 1848. Wachaga hawakuulizwa. Mageuzi ya fikra yalikuwa na miaka zaidi ya 200 wakati huo, na bado mtu aliweza kukaa kitini akaubatilisha mlima.

Mwaka 1871 Stanley alipita hapahapa tulipo, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alikuta mji wenye ukuta na minara ya mawe kwenye pembe zake, ulioanzishwa na Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Stanley alizisifu ngome za mji ule, na papo hapo akaandika juu ya mtawala huyo kwa dharau ya mtu aliyedaiwa hongo ya njia. Alichokiona tunacho kwa maandishi. Simbamwene alichokiona, alipoletewa habari za mzungu mwenye mizigo mingi na haraka nyingi, hakuna aliyekiandika. Tunataka wasomaji wetu waisome ile sura ya Stanley pole pole, mstari kwa mstari, na kila mstari waulize: nani alimwambia hili?

Msidhani pia kwamba kukisujudia kitabu ni kosa la wageni wa zamani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na katikati yake ilikuwa amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kwenye karatasi ilikuwa elimu safi: mmomonyoko uko, matuta huzuia mmomonyoko, chimbeni. Wakulima walisema kwamba ukichimba hivyo kwenye miteremko yao unafukia udongo wenye rutuba na kuutoa nje ule mbovu wa chini, tena kazi ni nyingi kuliko mavuno. Waliambiwa ni wakaidi. Julai 1955, Matombo, ubishi ukageuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Sisi hatusemi kila mkulima ana haki daima. Mgeta kuna watu wanaolima mbogamboga kwenye ngazi hadi leo na wanaziona za maana. Tunachosema ni kwamba mtaalamu wa 1955 alikuwa mrithi wa Bacon kwa jina tu. Hakupima. Alikuwa na kitabu, kama Ptolemy alivyokuwa na kitabu.

Kutokana na hayo, haya ndiyo tutakayoyafanya na tutakayoyadai.

Tutakutana kila Jumamosi baada ya alasiri, saa ambayo wauza mboga wameshapumua, maana harakati ya kusoma inayokutana wakati wa soko itabaki na walimu peke yao, na walimu peke yao tunawajua. Tutasoma vyanzo vyenyewe kabla ya kusoma waliovisifia: shajara ya safari ya da Gama, Barros juu ya Kilwa, Burton, Stanley. Vingi vya mambo ya pwani vilikusanywa kwa Kiingereza na Freeman-Grenville katika kitabu cha mwaka 1962. Wenye Kiingereza kizuri watafsiri kurasa mbili mbili, tuzisome kwa sauti, tusahihishane. Mwenye Kiarabu atatufaa sana. Mwenye Kireno tutampa kiti cha mbele. Kiluguru kitazungumzwa bila kuombewa radhi.

Hakuna atakayeruhusiwa kutaja kitabu ambacho hakukifungua. Ujumbe uliozungushwa WhatsApp si chanzo, hata ukiwa umeandikwa "mtafiti mmoja wa Harvard". Anayesema "wazee wanasema" ataje mzee yupi, wa kijiji gani, na kama amekubali jina lake litajwe.

Kwa walimu wa historia wa Morogoro tunaomba jambo dogo lisilohitaji bajeti: somo la safari za Wareno lianzie Kilwa na Malindi, ndipo liende Lisbon. Kwa watafiti wanaopanda Uluguru kila mwaka kuhesabu ndege, kupima mito inayoulisha Ruvu na kuuliza majina ya dawa, wawe wa chuo chetu jirani au wa ng'ambo, tunadai mambo mawili. Majina ya waliowaongoza yaandikwe ndani ya kazi, si kwenye shukrani za jumla kwa "wenyeji", isipokuwa mwenyewe akikataa. Na nakala ya kazi irudi kijijini, na muhtasari wake uwe wa Kiswahili. Asiyeweza hayo mawili asipewe mtu wa kumwonyesha njia. Tunajua watoa vibali hawatatusikiliza mara moja. Waongozaji wa milimani watatusikiliza, maana wengi ni binamu zetu.

Na tutaandika. Miongoni mwetu wapo wenye bibi wanaojua mbegu gani ya mhogo ililiwa mwaka wa njaa na ipi iliua. Kuna wazee wanaosoma mawingu ya Lupanga kuliko redio. Hayo yataandikwa kwenye madaftari, yatapimwa kama tunavyompima Barros, na yakikutwa si kweli yataandikwa pia kwamba tuliyapima hatukuyaona. Tusipofanya hivyo, mtu atakuja kuyaandika kwa niaba yetu, na tumekwisha kuona wenye haraka wanavyoandika.

Tunamwalika kila mkazi wa Mwembesongo, Kichangani, Mji Mpya, na yeyote anayeweza kupata nauli ya kuja. Ada hakuna. Ukiwa na kitabu cha zamani kabatini kinacholiwa na mchwa, kilete. Ukiwa na shaka na lolote tuliloandika humu, liandike kwenye karatasi, weka na chanzo chako, ulete Jumamosi. Tutaanza nalo kabla ya jambo jingine lolote.